Sugu

Mafunzo yalianza saa mbili na robo, ghorofa ya pili,
chumba kile cha vitanda vibovu.
Feni moja inazunguka, ya pili inatazama.
Dirishani barabara ya Makupa inapiga honi.
Tulikuwa kumi na tisa: wauguzi, matabibu, kijana wa maabara,
na Daktari Shekue aliyekaa karibu na mlango
ili aonekane ana haraka.
Mahamri yalikuja mapema. Mbaazi zikachelewa.

Mfamasia, Swabra Mbwana, mdogo kuliko kitinda mimba wangu,
aliuliza tu:
"Nani hapa amewahi kutoa dawa kwa sababu ya woga?"
Feni ikazunguka.
Mimi, Nyevu, miaka ishirini na mitatu wodini,
nijuaye mshipa wa mtoto gizani kwa ncha ya kidole,
niliangalia viatu vyangu.

Akapitisha kisahani cha maabara, kimefungwa kwa utepe.
"Hiki ni chetu, si cha vitabuni.
Kitanda cha tisa, kidonda cha mguu."
Vidoto sita vya dawa juu ya utando wa kijivu.
Dawa ikifanya kazi, alisema, huacha uwanja mtupu kuizunguka,
kama ua lililofagiwa alfajiri.
Nilikigeuza kwenye mwanga.
Hapakuwa na ua.
Utando ulikuwa umepanda hadi ukingoni mwa kila kidoto,
umestarehe,
kama mpangaji aliyeacha kulipa kodi
na bado anachagua rangi ya milango.

*Usugu*, akaandika ubaoni. Chaki ikalia.
Neno hilo nalijua tangu utotoni.
Sugu ya nyayo za babangu, mgema,
aliyepanda minazi hadi ngozi ikasahau mnazi.
Sugu ya kipaji cha Athman wa langoni, kwa kusujudu.
Sugu yangu, hapa kidole gumba,
kwa kuvunja shingo za vichupa vya sindano.
Ngozi haizaliwi hivyo. Husuguliwa,
leo kidogo, kesho kidogo,
kwa kitu kisichotosha kuua.

Basi nikaanza kuhesabu, kimoyomoyo:
mafua, dawa.
Kuhara maji, dawa.
Mama amelia, dawa.
Ijumaa jioni, maabara imefungwa, dawa mbili.

"Na akinifia mkononi nikingoja majibu?"
Shekue, kutoka mlangoni. Hakuna aliyecheka.
Swabra hakumjibu upesi.
"Aliye mahututi, usingoje. Anza saa hiyo hiyo.
Lakini chukua damu kwanza, andika sababu,
na siku ya tatu rudi umtazame
kama hujawahi kumwona."
Shekue akasogeza kiti mbele. Kidogo tu.

Zamu ya usiku alikuja Mbeyu wa Mtongwe,
mtoto mgongoni, kamasi, kifua safi.
Nilikisikiliza mara mbili.
"Nimevuka feri kufuata sindano,
nawe waniambia maji na maziwa?"
Nikamfundisha kuhesabu pumzi,
nikamwonyesha mbavu zikizama zinavyokuwa,
nikamwandikia namba ya wodi kwenye kadi.
Akanisonya, akafunga leso, akaenda.

Saa tisa nikafungua faili la kitanda cha nne.
Siku ya tatu. Homa imeshuka.
Majibu ya maabara: hakuna kilichoota.
Na dripu ya dawa bado inadondoka,
kwa mazoea.
Nikampigia Shekue. Akanyamaza muda mrefu,
nikamsikia akikaa kitandani.
"Simamisha," akasema.
Neno hilo sikuwahi kuliandika mahali pale.
Herufi zilitoka kubwa, kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Nikaenda kwenye sinki nikasugua mikono,
kati ya vidole, chini ya kucha.
Ile sugu ya kidole gumba ilikuwa pale pale.

Asubuhi nilitazama benchi la wagonjwa.
Mbeyu hakurudi.
Sijui kama mtoto amepona
au kuna duka la dawa huko ng'ambo
linalofungua mapema.